Barua ya wazi kwa wakubwa wa Lubumbashi: wazee wetu wanauziwa kinga ya mwili kwenye kopo

Kwa Ba Gavana wa jimbo la Haut-Katanga, kwa Ba Meya wa muji wetu, kwa Ba Munganga mukubwa wa divizyo ya afya ya jimbo, na kwenu nyinyi wa ACOREP na wa OCC wenye kazi ya kuchunga dawa na bidhaa zinazoingia huku kwetu.

Nawasalimia kwa heshima zote. Mimi ni anfirmye (muuguzi), nafanya kazi kwenye sentre ya afya moja ndani ya komini Kenya, na hii barua naiandika mbele ya watu wote ju jambo lenyewe linafanyika mbele ya watu wote, kwa mikro, mchana kweupe. Ombi langu ni hili: mutu yeyote asiruhusiwe tena kumuuzia muzee wa muji huu vitamini, poda ama siro (dawa ya maji) akimuambia kwamba inapandisha kinga ya mwili na kumuepusha na magonjwa, kama hana karatasi inayoonyesha ndani mwake kuna nini na nani alikipima. Na zile pesa zinazomutoka muzee kwa njia hiyo, mutusaidie zirudi kwenye sahani yake.

Munajua vile inafanyika. Pita sokoni asubuhi, pita pale teksi zinapopakia, baki kanisani ibada ikiisha, nenda hata kwenye matanga wakati watu wamechoka kulia, utamukuta tu. Kijana kavaa koti jeupe kama munganga, ana meza, ana oparleri, ana picha kubwa za mapafu na figo, anasema "Bazee ya miaka makumi sita kwenda mbele, damu yenu ilishachoka, basoda (askari) ya mwili balishalala, hii kopo njo itabaamusha." Anaongea vizuri kweli kweli, anamuita muzee papa, anamuita mama, anamupima presha bure mbele ya watu, anakunja uso akiona namba, kisha ndiyo anatoa bei. Nimeshika mukononi kopo la dola 25, na pembeni yake kulikuwa na la pili la kuongezea ju moja peke yake ati haliwezi kutosha. Sasa dola 25 kwa muzee anayeishi kwa kuuza makala (makaa) rejareja mbele ya mulango wake ni unga wa siku ngapi, muhesabu wenyewe kwa bei ya leo ya meka, kile kipimo cha unga.

Sisemi kila anayeuza vitamini ni mwizi, hapana. Ziko farmasi za heshima hapa Lubumbashi, na ziko vitamini ambazo mimi mwenyewe nawaandikia wazee nikiona dalili. Kinachoniumiza ni ile ahadi, ju ahadi ndiyo inayonunuliwa pale.

Tena ahadi yenyewe inaanza na ukweli, ndiyo maana inaingia vizuri. Ni kweli mwili wa muzee haupigani na magonjwa kama wa kijana. Nyuma ya mufupa wa kifua kuna tezi inaitwa timasi, ndiyo inayokomaza zile chembe nyeupe za damu zinazoitwa chembe T, na hiyo tezi inaanza kusinyaa tangu mutu akiwa bado kijana, pole pole inageuka mafuta, basi ukifika miaka 65 ama 70 chembe mpya za kupambana na ugonjwa mpya zimebaki kidogo, unategemea zile za zamani ambazo zinakumbuka magonjwa ya zamani. Ndiyo maana hata chanjo inamushika muzee kidogo kuliko kijana. Ndiyo maana huku kwetu mwezi wa sita na wa saba, baridi ikipiga usiku na vumbi mchana, nimonia inawaangusha wazee upesi, na mara nyingi bila homa kali, unaona tu muzee amechanganyikiwa, anaita majina ya watu waliokufa, anakataa kula, familia inasema ni uzee, wengine wanaanza kutafuta nani kamuloga, kumbe ni mapafu. (Nawaomba wasomaji wengine wote: muzee akibadilika akili ndani ya siku mbili tatu, muleteni kwanza kwetu tumusikilize kifua.)

Lakini je, kidonge kinaweza kurudisha hiyo kinga? Wataalamu wameliuliza hilo swali miaka mingi sana, na majibu yapo, ila muuza kopo hawezi kuwasomea watu pale sokoni, basi nitawaambia mimi.

Mwaka 1992 mutafiti mmoja wa Canada, Ranjit Kumar Chandra, aliandika ndani ya The Lancet, jarida kubwa la waganga duniani, kwamba alichukua wazee 96, nusu akawapa kila siku kidonge chenye vitamini na madini mchanganyiko kwa mwaka mzima, na wale waliokunywa waliugua magonjwa ya kuambukiza siku 23 kwa mwaka wakati wenzao waliugua siku 48. Yani nusu kabisa! Ilisambaa, watu wakaitaja kila mahali, na habari ya aina hiyo ikishasambaa hairudi. Ila wenzake wakaanza kuzitazama hesabu zake za kazi zilizofuata wakaona namba haziwezekani. Makala yake nyingine ya 2001 kuhusu wazee na vidonge hivyo hivyo ilifutwa na jarida lililoichapa mwaka 2005, na ile ya 1992 yenyewe The Lancet wakaifuta mwaka 2016. Miaka 24 baadaye. Wangapi walishanunua makopo kwa nguvu ya ile makala, na wangapi bado wananunua bila kujua kwamba mbegu ya hadithi ilishang'olewa?

Wengine wakalirudia lile swali kwa uangalifu. Kule Scotland walichukua watu 910 wa miaka 65 na zaidi, nusu wakapewa vitamini na madini mchanganyiko, nusu wakapewa kidonge kitupu chenye sura ile ile, mwaka mzima, hakuna aliyejua anakunywa kipi, matokeo yakatoka mwaka 2005: siku za kuugua ni zile zile, safari za kwa munganga ni zile zile. Vitamini E nayo ilijaribiwa, Uholanzi mwaka 2002, kwa watu 652 wa miaka 60 kwenda juu, miligramu 200 kila siku, haikupunguza magonjwa ya njia ya hewa, na wale waliougua huku wanaikunywa waliugua vibaya zaidi kuliko wenzao. Kuna jaribio lingine la vitamini E, la Marekani, la 2004 katika nyumba za kutunza wazee ambapo mafua ya kawaida yalipungua kidogo lakini magonjwa ya kifuani, yale yanayoua, hayakupungua. Vitamini D, Australia waliwapa watu zaidi ya 21,000 wa miaka 60 hadi 84, dozi moja kubwa kila mwezi kwa miaka mitano, na hatari ya kushikwa na magonjwa ya kifua haikushuka. Vitamini C ya kila siku inafupisha mafua kidogo kwa mutu muzima, kama asilimia 8 tu, kwa hiyo mafua ya siku saba yanapungua nusu siku, na ukianza kuikunywa wakati umeshashikwa haisaidii kitu cha kuonekana. Hiyo ya mwisho nawaambia ju kuna vipakiti vya C vinavyouzwa kwa wazee wakati wa baridi kama vile ni chanjo.

Kwa muzee anayekula vizuri, kopo haliongezi kitu. Kwa muzee ambaye kitu fulani kimepunguka mwilini, kuziba pale palipopunguka kunasaidia kweli, lakini lazima kwanza mutu ajue ni nini kimepunguka, na ile meza ya sokoni haijui na haitaki kujua, inampa kila mutu kopo lile lile.

Muchukue mufano wa zinki, nakaa hapo kidogo ju ndiyo inayotajwa sana kwenye mikro. Zinki ina kazi kubwa kwenye kinga, hilo halibishaniwi. Kule Boston watafiti waliona wazee wenye zinki ya kutosha kwenye damu walipata nimonia kidogo na walitumia antibiotiki kidogo kuliko wenye zinki ya chini, na mwaka 2007 kulitoka jaribio dogo, watu kama 50 hivi wa miaka 55 hadi 87, waliopewa miligramu 45 kwa siku mwaka mzima wakaugua mara chache kuliko wenzao. Jaribio dogo, lakini nalichukua kwa uzito ju ya chakula chetu sisi. Bukari (ugali) ya mahindi ina kitu kinaitwa fitati, kinaikamata zinki tumboni isiingie kwenye damu, na muzee anayekula bukari na majani peke yake bila samaki, bila nyama, ana kila sababu ya kupungukiwa. Kwa hiyo muzee wa Katuba pengine anaihitaji zinki kuliko muzee wa Boston. Nakubali kabisa.

Sasa tazameni kile anachouziwa. Mama muzee mmoja alinifungulia kitambaa chake cha kichwa juu ya meza yangu, ndani kulikuwa na makopo mawili. Maandishi yote kwa Kiingereza, madogo mpaka nilitumia simu kuyakuza, na yeye hasomi hata Kifaransa. La kwanza liliandikwa zinki miligramu 50 kwa kidonge, na muuzaji alimuambia vidonge viwili kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja usiku. La pili, lile la kuongezea, lilikuwa na zinki tena ndani. Tarehe ya mwisho ilikuwa imekwanguliwa. Mwanamke wa umri wake anahitaji kama miligramu 8 kwa siku, mwanaume 11, na kiwango cha juu ambacho wataalamu wa Marekani wanasema mutu muzima asikivuke kama hayuko chini ya munganga ni 40. Yeye alikuwa anavuka 100. Alikuja ju ya kichefuchefu na mudomo kuonja chuma, chakula hakishuki. Na zinki nyingi ikiendelea hivyo muda murefu inazuia shaba isiingie mwilini, shaba ikipungua damu inapungua na chembe nyeupe nazo zinapungua, yani kile kilichouzwa kupandisha kinga kinaenda kuishusha. Nilipomuuliza dawa yake ya presha iko wapi akanijibu taratibu, "Munganga, balisema nikikunywa hii siwezi gonjwa tena, ile ya presha nikaacha." Presha yake siku hiyo sitaki hata kuiandika hapa.

Na hiyo ni kopo ambalo angalau liliandikwa ndani kuna nini. Kuna siro na vidonge vya "miti shamba vya kuongeza nguvu" ambavyo havina maandishi kabisa, na hapo ndipo naogopa zaidi. Muzee anakunywa wiki mbili, maumivu ya magoti yanaisha, hamu ya kula inarudi, uso unajaa, anasema amepona, anawaleta na wenzake. Sisi tukiona uso umejaa mviringo na ngozi ya mikono imekuwa nyembamba kama karatasi, tunawaza deksa, yani dawa ya deksamethasoni. Muji huu wote unajua deksa, mabinti wanainunua ili wanenepe, siyo siri. Siwezi kusema kila chupa inayo, ndiyo maana nawaomba muzipime. Lakini kwamba jambo hili linafanyika duniani haina ubishi: mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwatangazia watu wasitumie bidhaa za Artri King, ambazo ziliuzwa kama nyongeza ya lishe kwa ajili ya viungo, ju maabara ilikuta ndani yake deksamethasoni na diklofenaki, dawa ya maumivu, ambazo hazikuandikwa popote kwenye kopo. Kama kule kwenye maabara za kila aina ziliingia, huku kwetu inakuwaje?

Deksa inapunguza kinga ya mwili. Ndiyo kazi yake, tunaitumia hospitalini kwa sababu hiyo, na kwa wagonjwa fulani inaokoa maisha. Kumupa muzee kila siku bila yeye kujua ni kumufungulia mulango kifua kikuu kilicholala ndani yake tangu alipokuwa kijana migodini, ni kupandisha sukari, ni kulegeza mifupa, ni kupandisha presha. Na kitu kimoja nakiomba sana kwa familia zinazosoma: muzee ambaye amekunywa siro ya aina hiyo muda murefu asiiache ghafla, mwili wake umeshazoea, anaweza kuanguka akafa, mumulete na chupa yenyewe tupunguze pole pole.

Kuna na hili ambalo watu hawalijui kabisa. Chuma, kalsiamu, zinki, hivi vikikutana tumboni na antibiotiki kama siprofloksasini ama doksisiklini vinaishika dawa na haiingii kwenye damu sawasawa. Muzee ana maambukizo ya mukojo, tumemupa dawa nzuri, familia imeuza kuku kuinunua, na asubuhi anaimeza pamoja na kidonge chake cha kinga. Haponi. Tunasema vijidudu vimekuwa sugu, tunamupa ya bei ya juu zaidi, na hakuna hata mumoja aliyemuuliza anakunywa nini kingine, sisi waganga tukiwa wa kwanza kutouliza.

Wakubwa wangu, nije kwenye sahani.

Muzee anahitaji protini zaidi ya vile watu wanafikiri, wataalamu wa lishe wanasema gramu moja hadi moja na nukta mbili kwa kila kilo ya mwili kila siku, kwa hiyo muzee wa kilo 50 ni gramu 50 mpaka 60. Kinga inajengwa na protini. Bila hiyo, mwili unakula misuli yake wenyewe. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharagi yaliyoiva kama gramu 15, kapenta (dagaa) kavu ni protini tupu karibu na ina kalsiamu ju tunaila na mifupa yake, tena ina zinki na ina vitamini B12, ile ambayo haiko kwenye majani wala kwenye mahindi. Na B12 hii kwa wazee ni shida ya kweli, ju tumbo la muzee linatoa asidi kidogo na bila asidi hainyonywi vizuri kutoka kwenye chakula, na wale wa sukari wanaotumia metformini inapungua tena zaidi. Hapo kidonge ama sindano ya B12 ina maana kabisa, na mimi nitaiandika. Nataka munielewe, sipigi vita vitamini.

Lakini nimeingia kwenye nyumba za wazee wetu kwa kazi, Kenya, Katuba, kule Ruashi, na saa ya kula nimeona sahani. Bukari ndogo, lengalenga (mchicha) iliyopikwa kwa maji na chumvi, mafuta ya kupaka tu chungu. Kapenta zikipatikana zinaenda kwa wajukuu, bibi anasema yeye meno hana, anachovya bukari kwenye muchuzi inatosha. Mara moja kwa siku, saa kumi na moja jioni, basi mpaka kesho. Na juu ya kabati, nyuma ya picha ya harusi, kopo la dola 25. Muzee huyo alifanya kazi miaka yake yote, pansheni yake inakuja ikitaka, akiipata anakuta mjini pameshamngoja kijana mwenye koti jeupe. Mutu aliyechangisha pesa ili asiugue asiwe muzigo kwa watoto wake hastahili kuchekwa wala kuitwa mjinga, ameelewa vizuri kabisa kwamba akiugua hakuna wa kumulipia lopitali. Amenunua kile pekee alichoonyeshwa.

Wazee wa muji huu wanakumbuka posho. Wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines, kampuni za kuchimba shaba, mufanyakazi alipata unga na vyakula vingine vya nyumba yake, na hata tukisema mengi juu ya ukali na hesabu za wakoloni katika jambo hilo, wenye kampuni walijua kitu kimoja, mutu asiyekula hawezi kuchimba. Leo yule yule aliyekula posho ili achimbe, mikono imechoka, hakuna anayeuliza amekula nini. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inasema mutu wa umri mukubwa ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee kufuatana na mahitaji yake, na kifungu cha 47 kinataja afya na usalama wa chakula pamoja, ndani ya kifungu kimoja. Sikuandika mimi.

Kwa hiyo nikirudi kwenye ombi, na hapa nitasema wazi kila mumoja anachoweza kufanya kesho asubuhi bila kungoja bajeti mpya.

Ba Meya, mikro za sokoni na ruhusa za meza ziko kwenu na kwa mabagumesta wa komini. Anayeuza kitu cha kumezwa aonyeshe karatasi kabla ya kupewa nafasi, na anayetangaza kinga, kuponyesha, kuzuia nimonia, sukari ama kansa, ashushe mikro. Tafadhali isigeuke njia ya polisi kukusanya elfu mbili mbili kwa wale vijana na kuwaacha waendelee mutaa unaofuata, hiyo tunaijua.

Nyinyi wa ACOREP na OCC, muchukue makopo kutoka mikononi mwa wazee wenyewe, siyo tu kule mupakani Kasumbalesa ambako kila mutu ameshajiandaa, muyapeleke maabara, kisha mutangaze majina ya bidhaa na kile kilichokutwa ndani, kwa redio, kwa Kiswahili. Shirika la afya duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati dawa moja kati ya kumi ni ya uongo ama iko chini ya kiwango, na hizo ni dawa ambazo mutu anazichunga, ndiyo muwaze vitu ambavyo hakuna anayevichunga. Nchi za Ulaya zina sheria tangu 2006 ya maneno yanayoruhusiwa kwenye hizi bidhaa, mwenye kuuza zinki ama vitamini C anaruhusiwa kusema tu kwamba inachangia kazi ya kawaida ya kinga ya mwili, akisema inazuia ugonjwa amevunja sheria. Muandike na sisi sentensi kama hiyo, fupi, ya Kiswahili na Kifaransa, ibandikwe kila farmasi na kila duka linalouza hivi vitu. Na kila kopo liwe na maandishi ambayo mununuzi anaweza kuyasoma, na kiasi kilichomo, na tarehe.

Ba Munganga mukubwa wa divizyo, kwenu naomba mizani. Watoto wetu tunawapima kila mwezi, uzito na ule utepe wa mukono, na kazi hiyo imeokoa wengi. Muzee akija sentre tunamupima presha tu. Tupeni maagizo kwamba kila mutu wa miaka 60 kwenda juu apimwe uzito na mukono kila akifika, iandikwe kwenye fishi (karatasi ya mugonjwa), na anayepoteza kilo bila kutaka asirudishwe nyumbani na parasetamoli. Anayehitaji B12, zinki, chuma, apewe na sisi kwa kiasi kinachojulikana. Vidonge vya zinki vya miligramu 20 viko tayari kwenye sentre zetu kwa watoto wenye kuharisha, ni vya bei ndogo sana, hakuna sababu muzee anunue kitu kile kile kwa dola 25. Na pale kwenye fishi muongeze mustari mumoja: unakunywa nini kingine, tuonyeshe chupa.

Chanjo pia, ya nimonia na ya mafua, wenzetu wa nchi nyingine wanawapa wazee wao na huku kwetu ile ya nimonia iko kwa watoto wachanga. Najua hiyo iko Kinshasa na kwa wafadhili, haiko mikononi mwenu peke yenu. Lakini muipeleke hiyo sauti.

Ba Gavana, kwenu nabakiza lile zito. Pansheni zilipwe siku yake na karibu na nyumba ya muzee, na pale ambapo muzee hana pansheni kabisa, ambao ni wengi, bamama waliouza sokoni maisha yao yote hawana hata karatasi moja, jimbo litafute namna ya kumufikishia kila mwezi unga, maharagi, kapenta na mafuta. Jimbo hili linatoa shaba na kobalti kwa dunia nzima. Makanisa yana orodha za wazee wao, vikundi vya likelemba, vile vya kuchangiana pesa kwa zamu, vina orodha, maskuli yanaweza kupikia wazee wa mutaa sufuria moja ya maharagi saa sita mara mbili kwa wiki, watu wa kusaidia wako, wanangoja mutu wa kuwaita kwenye meza moja. Maharagi yakilowekwa usiku kucha na maji yakamwagwa, fitati inapungua, yanaiva upesi, makala kidogo, na yanalainika kwa mutu asiye na meno. Tutawaonyesha wapishi sisi wenyewe, bila malipo.

Kwa mapasta na mapadri nina neno moja tu, na nalisema kwa heshima: musitoe mikro ya kanisa kwa muuza makopo kabla hamujatuletea lile kopo tulisome. Wazee wanaamini mimbari yenu kuliko sentre yetu.

Jibu lenu tunalingoja kwa redio, kwa karatasi, ama mukija wenyewe kwenye sentre yoyote ya Kenya, Katuba ama Ruashi siku ya kazi asubuhi, wazee wanafika mapema, kabla ya saa mbili wako wamekaa kwenye benchi, na wengi wataleta makopo yao mukiwaomba.

Wenu kwa heshima,
Anfirmye wa komini Kenya, Lubumbashi